Kuokoteza na kuchanja kuni kama mazoezi: mwongozo kamili kutoka kwenye baridi ya Njombe

Aisee kabla sijaanza niweke wazi jambo moja maana najua litaulizwa, nyumbani kwangu tunapikia gesi. Najua kuna mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ikifika 2034, na mimi niko upande huo kabisa, mke wangu akinikuta nimewasha mafiga jikoni kwake siku hiyo silali ndani. Kuni ninazozungumzia hapa ni za mazoezi, zikishakauka ndo zinaingia kwenye moto wa sebuleni miezi ya baridi, kwenye nyama choma za wikiendi, na mzigo mkubwa unaenda kwa bibi mmoja jirani ambaye bado anapikia kuni na mgongo wake haumruhusu tena kwenda kuzitafuta.

Naishi Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na anayepajua anajua Juni hadi Agosti huku ni makoti, ukungu na kitu kama mvua ambacho siyo mvua. Kazi yangu ni ya kukaa. Asubuhi kiti, mchana kiti, jioni kiti cha gari. Miaka kama minne iliyopita presha ikaanza kupanda, daktari akasema fanya mazoezi, nikajaribu kukimbia alfajiri, kwa baridi ile na mbwa wale wa mtaani nikadumu wiki mbili tu. Kilichonikaa ni shoka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki pamoja na siku mbili au zaidi za kufanyisha misuli kazi, sasa mimi nikikata, nikibeba na kuchanja mara tatu kwa wiki nimemaliza vyote bila hata kuhesabu, na jioni kuna kitu nakiona kimepangwa pale uani.

Kama una presha, moyo, ngiri au mgongo unakusumbua, ongea na daktari wako kwanza. Na ukiwa kwenye kazi ukasikia kifua kinabana au kichwa kinazunguka, shoka chini, kaa, ita mtu.

Hatua ya kwanza: jua kuni zipi siyo zako

Hapa nitakaa kidogo maana ndo wengi tunapokosea. Huku kwetu kuokota kuni siyo mchezo, ni kazi ya kina mama na watoto, mtu anatoka saa kumi na mbili asubuhi na kamba na ngata anarudi na mtita kichwani ndo chakula kiive. Nilipoanza sikulifikiria hilo. Jumamosi moja nikaazima kirikuu ya rafiki yangu, nikashuka kwenye shamba moja lililokatwa miti, nikakuta matawi makavu saizi ya mkono, yamenyooka, raha tupu, nikajaza gari. Napandisha nakutana na kina mama watatu wanashuka. Kamwene, kamwene, tukasalimiana. Mmoja akaangalia gari, akaniangalia mimi, akauliza taratibu tu, "Baba, na wewe gesi imeisha?"

Nilishusha zote palepale.

Tangu siku ile nina sheria yangu: tawi lolote ambalo mtu anaweza kulivunja kwa mguu au kulikata kwa panga siyo langu. Langu ni gogo lililolala, kisiki kilichong'olewa, panda la mti (pale linapogawanyika matawi mawili), na lile fundo ambalo kila mtu analipita kwa sababu panga haliliwezi. Na ukikaa ukafikiri, hivyo vitu ndo vyenye mazoezi yenyewe. Matawi makavu hayakupi jasho. Gogo la mlingoti, yaani mkaratusi, lenye mafundo litakupa jasho mpaka kwenye soksi.

Na mti uliosimama haukatwi. Hata kama umekauka, mwache fundi anayejua kuangusha miti. Kuangusha mti ni taaluma nyingine kabisa na watu wanakufa nayo kila siku, sisi tunaokoteza kilichokwisha kuanguka.

Hatua ya pili: wapi pa kuzipata

Ukishaanza kuangalia utashangaa, kuni ziko kila mahali na watu wanatafuta wa kuziondoa.

Kwa Njombe sehemu ya kwanza ni mashamba ya parachichi. Watu wengi wameng'oa miwati na milingoti wapande parachichi, mbao na nguzo zinauzwa, matawi yanaokotwa, lakini visiki na mafundo vinabaki kwenye kingo za shamba mpaka vinaoza au vinachomwa moto hapohapo. Mwenye shamba ukimwambia unataka visiki anaweza hata kukupa chai.

Ya pili ni mashine za mbao, zile ndogo tunazoita dingdong, ziko nyingi huku kwetu mpaka Mafinga. Pale kuna mabanzi, yale maganda ya nje ya gogo yenye upande mmoja wa mviringo. Mabanzi mazuri yanauzwa, watu wanajengea mabanda na uzio, lakini yale mafupi na yaliyopinda mara nyingi unayapata bure ama kwa hela ya soda. Nakuonya tu, mabanzi ya msindano, yaani paini, hayana mazoezi, ni kukata kwa msumeno basi. Yanafaa kuwashia moto.

Ya tatu ni mafundi wa TANESCO, shirika la umeme, wanapopita kusafisha miti chini ya laini. Wakishaondoka matawi makubwa yanabaki kando ya barabara au kwenye uwanja wa mtu. Subiri waondoke kabisa, omba mwenye eneo, na kama kuna tawi lolote limeegemea waya usilisogelee hata kidogo, hata kama unaambiwa umeme umekatika.

Ya nne ni upepo na mvua za masika, mti unaanguka kwa jirani, kesho yake ni kero, hapo wewe ndo mkombozi. Nilipata mgrevilea mzima hivyo, nimeuchanja wiki tano.

Sasa kuomba. Nenda kwa miguu, usiende na gari tayari limewekewa turubai utaonekana mwizi aliyejiandaa. Shikamoo mzee, mimi naishi pale juu, nimeona lile gogo pale pembeni, kama halina kazi naomba nilitoe. Watauliza la nini. Sema ukweli, la mazoezi. Watacheka, waache wacheke, mtu akishacheka ameshakubali nusu. Ahidi kitu kimoja na ukitimize: utaondoka pakiwa pasafi kuliko ulivyopakuta, vipande vya magome na vumbi la msumeno vyote umefagia. Mimi siku hizi napigiwa simu, "we mtu wa visiki uko wapi, njoo utoe huu."

Kuhusu sheria kwa ufupi. Misitu ya hifadhi usiingie kuokota bila kibali, iko chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 na TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, hawatanii. Na kubeba mazao ya misitu barabarani kuna taratibu zake, kibali cha kusafirishia, na mageti ya maliasili yapo. Ukitoa gogo nyumba ya tatu ukalisukuma kwa toroli hamna shida, lakini kama unataka kupakia gari uvuke nalo kwenda kijiji kingine, mwone kwanza mwenyekiti wa mtaa au kijiji na afisa misitu wa wilaya, uulize unatakiwa kuwa na karatasi gani. Dakika kumi za kuuliza.

Hatua ya tatu: vifaa, na usinunue vyote siku moja

Shoka kwanza. Madukani kuna shoka za kiwandani zenye tundu la kupachika mpini, na kwa wahunzi kuna shoka za kienyeji ambazo mkia wa chuma ndo unapenya kwenye kichwa cha mpini. Ya kienyeji ni nzuri sana kwa kukata matawi, nyembamba, inauma mti vizuri, lakini kwa kuchanja itakutesa maana inazama na kunasa. Kwa kuchanja unataka chuma chenye mashavu manene kinachosukuma mti pande mbili kama kabari. Uzito kilo 2 mpaka 2 na nusu unatosha kabisa kwa kuanzia. Wanaume tunapenda kununua lile zito kuliko yote dukani, alafu pigo la kumi mikono inatetemeka na ukichoka ndo unakosea.

Shoka lisilo mpini halichanji kuni, wahenga walisema, mi naongeza hata lenye mpini unaocheza halichanji. Kila siku kabla ya kuanza shika shoka, litikise, gonga kitako cha mpini chini. Kama chuma kinacheza usianze. Kiangazi mpini unakauka na kusinyaa, wengi tunaloweka shoka kwenye ndoo usiku, asubuhi limekaza, ni kweli linakaza, ila likikauka tena linalegea kuliko mwanzo. Dawa ni kupigilia kabari nyembamba kichwani mwa mpini, au kuchonga mpini mpya.

Msumeno wa upinde, ule wa fremu ya bomba na bamba jembamba lenye meno makubwa, huu ndo rafiki yako wa kupata mazoezi ya mabega. Chensoo, ule msumeno wa injini, mi sina na sitaki, inakula mazoezi yote alafu inataka mafunzo na vifaa vyake vya kujikinga. Gogo likiwa nene sana namlipa fundi wa chensoo anikatie vipande, dakika ishirini kamaliza, kuchanja nachanja mwenyewe.

Ongeza kabari mbili za chuma, nyundo nzito kama ile ya wapasua mawe, tupa na kinoo cha kunolea, glavu za kubebea, buti ngumu na miwani ya kukinga macho. Miwani siyo mbwembwe. Kibanzi kinaruka kasi ambayo hata hukioni. Na kandambili, jamani, kandambili na shoka, sina la kuongeza.

Tairi kuukuu la gari ndogo, tafuta moja kwa fundi wa pancha. Nitaeleza kazi yake mbele.

Hatua ya nne: ujue unachokiokota

Muwati ndo mfalme kwangu. Ni mti wa asili ya Australia, ukaletwa huku kwa ajili ya magome yake yanayotoa tanini ya kutengenezea ngozi, TANWAT, kampuni ya miwati, wapo Njombe na kazi hiyo tangu 1949. Unachanjika vizuri, mzito, unawaka taratibu na makaa yake yanakaa. Ukipata muwati shukuru.

Mlingoti, wengine mnaita mkaratusi, una moto mkali lakini una kiburi. Ukikatwa tu unaanza kujipasua wenyewe kwenye ncha, hapohapo ndo uuwahi. Ukiuacha miezi sita ukauke ukiwa mzima ndo uuchanje, utakuwa unapiga jiwe. Sheria yangu: mlingoti haumalizi wiki mbili bila kuchanjwa.

Msindano unachanjika kama biskuti, mzuri kwa kujifunzia, unakauka haraka. Una utomvu mwingi, ukiuchoma mbichi unajaza masizi kwenye dohani, mkavu hauna neno. Mparachichi ukiwa mbichi ni maji matupu na ukikauka unakuwa mwepesi, unawaka fasta unaisha. Mgrevilea uko katikati, tabu yake ni mafundo.

Vya kuacha: minyaa, ule wa uzio wenye maziwa meupe, maziwa yale yakiingia jichoni utajuta, na moshi wake nao haufai. Mianzi mizima isiyopasuliwa usiitupe motoni, hewa ya ndani ya pingili inapanuka na inalipuka kama baruti, ipasue kwanza. Halafu hili hapa ni la kwetu sana kwa sababu tuna viwanda vya nguzo: vipande vya nguzo zilizowekwa dawa, vile vyenye rangi ya kijani kijani, usichome kabisa, wala kwenye nyama choma wala sebuleni. Dawa ile mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, aseniki ni sumu na inabaki mpaka kwenye majivu. Niliwahi kuokota vipande kama hivyo kwenye jengo nikafurahi vimenyooka, nikachoma kimoja, harufu yake ikanifanya niulize, na nilipoambiwa nilichimba shimo nikafukia yale majivu mbali na bustani. Mbao zenye rangi, plaiwudi, mbao za kuokota zenye misumari, nazo ziache.

Hatua ya tano: kukata pingili

Pima urefu mmoja wa pingili, yaani kipande cha gogo, ukae nao. Mimi ni sentimita 35, nimeweka alama ya rangi kwenye mpini wa shoka. Fupi inachanjika rahisi kuliko ndefu, hasa yenye mafundo, kwahiyo panda na mafundo nakata hata 25.

Gogo lisilale chini kwenye udongo maana msumeno ukigusa mchanga mara moja meno yamekwisha. Liinue kwenye magogo mawili madogo. Sasa angalia limeegemea wapi, hii inawashinda wengi. Kama limeshikwa ncha zote mbili na unakata katikati, litainama na kuubana msumeno kwa juu, kwahiyo kata theluthi moja kutoka juu, kisha malizia kutoka chini. Kama ncha inaning'inia hewani fanya kinyume, theluthi kutoka chini kwanza, malizia juu. Tawi lililopinda kama upinde limebeba nguvu, ukilikata ghafla linaruka, simama upande wa ndani wa lile pindo na likate kidogo kidogo.

Msumeno usiukandamize, uvute mrefu, meno yote yafanye kazi. Mapigo hamsini mkono wa kulia, hamsini wa kushoto. Wa kushoto utakataa wiki ya kwanza, ulazimishe, usipofanya hivyo unajenga mwili wa upande mmoja.

Kubeba ni mazoezi pia na ndo kunakoumiza watu. Pingili yenye upana wa sentimita 40 na urefu wa 40 ina ujazo wa kama lita 50, na mti mbichi mzito unakaribia uzito wa maji, kwahiyo hiyo ni kilo 50 hivi, mfuko mzima wa saruji. Usiinyanyue, ivingirishe. Au ipasue nusu hapohapo ilipo. Inayonyanyulika, chuchumaa, ikumbatie karibu na kifua, panda na magoti, usijizungushe kiuno ukiwa umeibeba. Na kabla ya kutia mkono chini ya gogo lililokaa muda mrefu, ligeuze kwanza kwa fimbo au nondo, nyoka, nge na siafu nao wanapenda pakavu. Gogo lenye uwazi sikiliza kama lina nyuki. Usicheke, yamenikuta.

Hatua ya sita: kuchanja

Mwezi wa kwanza nilivunja mipini miwili na mikono ikatoka malengelenge kama nimemwagikiwa maji ya moto. Mzee mmoja wa jirani alikuwa anakaa kwenye kigoda chake ananiangalia tu, siku ya tatu akaja akasimama pembeni, akasema, "Mwanangu, mbona unagombana nalo." Nikampa shoka. Mzee wa miaka sabini na kitu, akaliangalia gogo muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akaligeuza, akalinyanyua shoka kama halina uzito, akaliachia. Pande mbili. Akanirudishia akaenda kukaa. Ninayoandika hapa chini mengi ni yake.

Kisiki cha kuchanjia kiwe kipana na kizito, urefu wa chini ya goti kidogo. Kikiwa kirefu unapoteza nguvu, kikiwa hakipo kabisa ukikosea shoka linaingia ardhini au mguuni. Weka lile tairi juu ya kisiki na pingili ndani ya tairi, vipande vikipasuka vinabaki vimesimama humohumo, hauinami kuokota kila pigo. Mgongo wangu ulipona siku niliyopata tairi.

Soma pingili. Juu yake utaona nyufa ndogo zinazotoka katikati kwenda pembeni, mti unakuonyesha wenyewe pa kupasukia. Lenga ufa, kwepa fundo. Pingili pana usianze katikati, anza pembeni, banja vipande vya ukingoni ukizunguka, ukibaki na kiini kidogo ndo ukipige kati.

Simama miguu imepanuka sawa na mabega. Nyoosha mikono, makali ya shoka yaguse pale unapotaka kupiga, hapo ndo umbali wako. Mipini yangu miwili ilivunjika kwa sababu nilisimama karibu mno, chuma kinapita ng'ambo alafu mpini ndo unagonga kuni. Mkono mmoja kwenye kitako cha mpini, wa pili karibu na chuma. Nyanyua juu ya kichwa, na shoka likianza kushuka mkono wa juu uteleze mpaka ukutane na wa chini. Hauongezi nguvu, unaliongoza tu, uzito na kasi vinafanya kazi. Macho yasitoke pale ulipolenga, na akilini lenga kisiki cha chini siyo uso wa pingili, ukilenga uso unasita bila kujijua. Likikaribia kufika, kunja magoti ushuke nalo. Hii ni kwa usalama, ukikosa shoka linamalizikia kwenye kisiki au chini, halirudi kwenye muundi wako.

Likinasa usilitingishe kama unang'oa jino, gonga kitako cha mpini kwenda chini au linyanyue pamoja na pingili kama ni ndogo uigonge kwenye kisiki. Pingili ikikataa mapigo manne matano ileile sehemu, igeuze chini juu ujaribu tena. Bado? Kabari. Anza kabari ya kwanza kwenye ufa karibu na ukingo, ikizama weka ya pili mbele yake, ya kwanza italegea. Kabari inapigwa na nyundo, usigeuze shoka uligongee kisogo, linaharibika tundu. Na kichwa cha kabari kikianza kuchanua kama uyoga kisugue kwa tupa, vile vipande vya chuma vikiruka ni risasi.

Watu, watoto, mbwa, wote mita tano na zaidi. Mtu akiingia uani unasimama. Mchonga mwiko hukimbiza mkonowe, kwahiyo usimruhusu mtu akushikilie pingili, hata akisema anaamini shabaha yako.

Kwa mazoezi, wiki ya kwanza dakika 15 tu, pasha mwili kwanza kwa kupanga kuni au kutembea. Wiki ya pili 20, mpaka ufike 40 au 45 ukae hapo. Mi nachanja dakika tano, napanga kuni dakika mbili, narudi, inapandisha na kushusha mapigo ya moyo vizuri kweli. Badilisha mikono, mkono wa juu uwe wa kulia raundi hii, wa kushoto raundi ijayo. Ukikosa shabaha mara mbili mfululizo umechoka, acha, kesho ipo.

Kunoa ni kila baada ya siku mbili tatu, tupa kidogo, kinoo kidogo. Shoka la kuchanjia halihitaji kuwa wembe.

Hatua ya saba: kupanga na kukausha

Kuna mtego wa hali ya hewa ya huku. Baridi yetu na kiangazi vinakuja pamoja, kwahiyo kuni ulizochanja Mei hazitakufaa Juni, bado zina maji. Ninachofanya, nachanja kwa wingi Agosti hadi Oktoba jua likiwa kali na upepo upo, Novemba mvua zikianza ziko chini ya bati, nakuja kuzichoma Juni inayofuata. Yaani unatembea mwaka mmoja mbele.

Zisiguse udongo, mchwa hawana subira. Weka mawe au matofali, juu yake fito mbili, kuni zipande kutoka hapo. Zisibane ukuta wa nyumba, acha nafasi ya mtu kupita. Bati au turubai juu tu, pembeni kubaki wazi upepo upite, nimeona watu wanafunga turubai pande zote kama wanahifadhi maiti, ukifunua ni uyoga mtupu.

Kujua zimekauka: nyufa kwenye ncha, magome yanabanduka, ukigonganisha mbili zinalia kama marimba siyo kama ndizi. Njia yangu ya uhakika ni mzani wa jikoni, chagua vipande vitatu, viandike namba, pima kila mwezi, uzito ukiacha kushuka basi. Mwenye kipimo cha unyevu, pasua kipande upime upande wa ndani, chini ya asilimia 20 ziko tayari. Kuni mbichi hazina moto mdogo tu, sehemu ya moto wake inatumika kuchemsha maji yaliyo ndani, ndo maana ni moshi na machozi.

Hatua ya nane: kuzichoma

Sebuleni mimi naweka nene chini, nyembamba juu, vibanzi vya msindano juu kabisa, nawasha juu. Moto unashuka wenyewe na moshi ni mdogo. Dohani safisha kila mwaka kabla ya Juni. Na tafadhali sana, ile tabia yetu ya baridi ya kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha tuiache, makaa yanatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, watu wanalala hawaamki.

Majivu weka kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, nje, yakae hata siku mbili tatu kabla ya kuyapeleka bustanini. Ndoo ya plastiki nimeshayeyusha moja.

Na lile fundo la mlingoti ambalo shoka, kabari na mzee wa jirani vyote vilishindwa, usilitupe. Liache chini ya bati mwaka mzima. Usiku wa Julai ule ambao hata mbwa hawabweki, moto ukishakuwa na makaa mengi lisukumie nyuma kabisa, wavu uwe mbele, watu wakalale. Alfajiri ukifukua majivu utalikuta bado jekundu, unatupia vibanzi viwili juu, unakaa na chai.